Upepo ni Bure, Neno Lina Bei

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari minne tu, habari ya simu ya upepo, yaani telegramu isiyopita kwenye waya. Nilisema ilifunguliwa kwa umma kati ya London na Montreal mwaka 1908, na kwamba kampuni ya Marconi, mvumbuzi wa Kiitaliano, iliyokuwa ikiiuza, iliyoundwa 1897, ilikaa zaidi ya miaka kumi bila wenye hisa wa kawaida kuonja gawio. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua tano. Wale wawili mlioniuliza bei ya redio ya kizamani, mimi si dalali, mniwie radhi.

*Shikamoo mzee. Hewa haina mwenyewe. Kebo ya baharini hutandazwa na meli, hukatika, huvuliwa, huungwa tena. Sasa iweje asiye na kebo ndiye akose faida? — Msomaji, Tanga*

Marahaba. Maneno yako hayo ndiyo Marconi aliyowaambia wenye fedha zao, na wakamwamini. Hesabu zilivyokwenda ni hivi.

Kampuni za kebo zilikuwa zikitoza senti 25 za dola kwa neno moja kuvuka Atlantiki. Desemba 1901 Marconi alikaa Newfoundland, juu ya kilima kinachoitwa Signal Hill, waya wake umening'inizwa kwenye tiara, akasema amesikia herufi S ikitoka kituo chake cha Poldhu, Cornwall, Uingereza. Siku chache baadaye kampuni ya kebo iliyokuwa na ukiritimba pale kisiwani ikamtishia mahakama. Kanada ikamwita. Mwaka 1902 ilimpa dola 80,000 za kujengea kituo Glace Bay, Nova Scotia, kwa sharti kwamba asitoze zaidi ya senti 10 kwa neno, na magazeti senti 5. Akakubali. Angalia alichofanya hapo: amepanga bei ya maziwa na ng'ombe bado hajanunuliwa. Hakuna aliyejua neno moja lingemgharimu kiasi gani.

Likamgharimu sana. Poldhu palikuwa na duara la milingoti 20, kila mmoja mita 60 kwenda juu. Septemba 1901 upepo uliiangusha. Ndugu yake, duara la Cape Cod huko Marekani, likaanguka Novemba. Zoezi hilo la kwanza tu linatajwa kumeza kama pauni 50,000 za wakati ule. Wakajenga upya, minara minne ya mbao badala ya duara. Mwisho wa Machi 1903 gazeti la The Times la London likaanza kupokea habari za Marekani kupitia Glace Bay. Wiki moja na ushei. Aprili barafu ikagandia nyaya za hewani, zikakatika, na habari zikarudi kupita chini ya bahari kama zamani.

Ikabidi kujenga vikubwa zaidi. Upande wa Ulaya walihamia Clifden, magharibi kabisa mwa Ayalandi, katikati ya kinamasi. Hapa naomba tukae kidogo, maana mtu akiniuliza gharama ya upepo, namwonyesha Clifden. Mitambo ilikuwa ya mvuke, na boila zake hazikula mkaa wa mawe, zilikula kinamasi chenyewe: watu walikata lile tope kwa sepeto, vipande mfano wa matofali, wakayapanga yakauke, kisha kigari cha moshi cha kampuni kikayavuta hadi jikoni. Mvuke ukazungusha jenereta, jenereta zikajaza betri. Betri zenyewe zilikuwa seli 6,000 zilizounganishwa mkia kwa kichwa, volti mbili mbili, mpaka zikafika volti 12,000. Halafu kulikuwa na jengo lenye urefu wa zaidi ya mita 100 ambalo ndani yake hamkuwa na mtu wala meza, ila mabati makubwa yaliyoning'inia kwenye dari, yakitenganishwa na hewa tupu, kazi yake kuhifadhi umeme kwa dakika isiyohesabika kabla haujaruka kuwa cheche. Cheche moja ndogo ni nukta. Cheche ndefu ni kistari. Mvuke wote ule, betri zote zile, ili mtu Montreal asome neno "NUNUA".

Tarehe 17 Oktoba 1907 wakafungua kwa ajili ya magazeti, na Februari 1908 kwa umma. Hapo sasa wasomaji wengi hukosea. Wakisikia "London na Montreal" hudhani kulikuwa na mnara London na mwingine Montreal. Hapana. Upepo ulibeba neno kutoka Clifden hadi Glace Bay tu. Kutoka London hadi Clifden neno lilikwenda kwa waya wa Posta, likipanga foleni na telegramu za harusi na za bei ya nguruwe. Kutoka Glace Bay hadi Montreal ni kama kilomita 1,000, nazo ni za waya. Wenye waya wakataka chao, na walikuwa hawana haraka. Neno lingeweza kuruka Atlantiki kwa kufumba na kufumbua, kisha likasubiri Ayalandi zamu yake. Mteja alipolalamika, alimlalamikia Marconi.

Mwanangu wa Tanga, hujaniuliza habari ya jua, lakini nitaitia. Februari 1902 Marconi alisafiri kwa meli Philadelphia akipokea Poldhu njiani. Usiku alipata herufi akiwa zaidi ya maili 2,000. Mchana zilimpotea baada ya maili 700. Meli ile ile, mtambo ule ule. Kumbe jua linalala juu ya mawimbi kama mkono juu ya kinywa. Kebo haijui usiku wala mchana. Dawa waliyoiona ilikuwa mawimbi marefu zaidi na nguvu zaidi, yaani nyaya zaidi na tope zaidi.

Tena hadi kwenye 1913 kituo kilikuwa ama kinasema ama kinasikiliza, kimoja kwa wakati, kama redio ya polisi. Ndipo masikio yakahamishiwa mbali na mdomo, Louisbourg upande wa Kanada na Letterfrack upande wa Ayalandi. Na Agosti 1909 Glace Bay iliungua moto, wakakaa miezi bila biashara.

Kilichoilisha kampuni miaka hiyo, kwa maoni yangu, ni meli. Meli iliyo katikati ya bahari haina kebo ya kuikimbilia, kwa hiyo italipa. Mji una kebo tayari, na ili kuuridhisha mji ni lazima umshinde mwenye kebo kwa bei, kwa haraka na kwa usahihi, yote matatu. Marconi alimshinda kwa bei.

*Assalaam aleikum mzee. Mimi ni mfanyabiashara. Nani angekubali siri ya duka lake ipeperushwe hewani ambako kila mwenye sikio anasikia? — Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam. Swali la mtu wa sokoni. Marconi alikuwa akijisifu kwamba mitambo yake imepangwa kwa mawimbi mahususi, hivyo mwingine hawezi kusikia. Kulikuwa na mfanya mazingaombwe mmoja wa London, Nevil Maskelyne, mtu aliyeielewa simu ya upepo barabara. Kampuni ya kebo ya Eastern Telegraph ilimkodi. Akasimamisha mlingoti karibu na Porthcurno, Cornwall, kama kilomita 30 kutoka Poldhu, akaanza kunasa ujumbe wa Marconi kama anachota maji mtoni. Mwaka 1902 alichapisha habari zake. Juni 1903 akafanya kubwa zaidi. Profesa Fleming, mshauri wa Marconi, alikuwa akitoa mhadhara Royal Institution, London, akisubiri ujumbe wa Marconi utue mbele ya wageni waheshimiwa, na kabla haujafika, mtambo ukaanza kugonga wenyewe neno moja, tena na tena: "rats". Panya. Kisha likafuata shairi la kumkejeli Marconi. Maskelyne alikuwa akirusha kutoka ukumbi wa mazingaombwe wa familia yake, si mbali na hapo. Fleming alighadhibika, akaandika gazetini, na Maskelyne akajibu gazetini kwamba ndiye yeye, na alitaka watu waone.

Mimi namshukia Fleming kidogo. Mtu akikuonyesha mlango wako hauna komeo, unamtukana?

Sasa, wafanyabiashara wenyewe hawakuogopa sana kama unavyodhani, kwa sababu zamani zile hakuna tajiri aliyetuma maneno wazi. Walikuwa na vitabu vya fumbo. Neno moja la kubuni liliweza kubeba sentensi nzima, "Nimenunua marobota mia, lipa kwa hati, meli inaondoka Ijumaa", na ukalipia neno moja. Fumbo lilizaliwa na ubahili, siri ikaja kama nyongeza. Lakini fumbo lina ubaya wake, nitalifikia kwenye barua ya mwisho.

*Mzee, kulikuwa na simu za upepo kati ya miji ya nchi kavu, au zote zilivuka bahari? — Msomaji, Nakuru*

Zilikuwepo, hasa Marekani. Mwaka 1904, wakati wa maonyesho ya dunia ya St. Louis, kampuni ya Lee de Forest, mvumbuzi wa Kimarekani, ilisimamisha mnara wa kama mita 90 ikapeleka maneno hadi Chicago. Watu walifurika. Lakini kati ya St. Louis na Chicago nguzo za telegramu zilijipanga kama mahindi shambani. Ni nani alihitaji cheche? Aliyezihitaji ni muuza hisa. Kampuni za wakati ule ziliuza hisa kwa walimu, wajane na wakulima zaidi ya zilivyouza maneno, na mnara ulikuwa tangazo. Aliyekuwa hajaona mnara alionyeshwa motokaa yenye mtambo wa simu ya upepo, ikitambaa Wall Street. Kampuni iliyorithi ile ya De Forest, United Wireless, ilivamiwa na wapelelezi wa serikali 1910, na mwaka uliofuata rais wake akafungwa kwa udanganyifu. Hapa kwetu tungeita upatu.

Waliofanya kazi ya haki ni Federal Telegraph ya California. Hao waliacha cheche, wakatumia tao la umeme la Poulsen, linalotoa wimbi mfululizo lisilokatika, na kati ya San Francisco na Los Angeles waliuza maneno 15 kwa bei ambayo wenye waya waliuza maneno 10. Mwaka 1912 wakafika Honolulu. Naona hawa walikuwa na akili ya duka: hawakusema sisi ni ajabu ya dunia, walisema utapata maneno matano zaidi.

*Na kwetu? Msitueleze ya Kanada tu. — Msomaji, Bukoba*

Umenibana, na wewe ndiye mwenye haki. Kebo ilitua Zanzibar mwaka 1879, ikitoka Aden kwenda kusini, na iliyoitandaza ni Eastern and South African, mtoto wa nyumba ile ile ya Eastern iliyomkodi Maskelyne. Simu ya upepo iliingia kwa Wajerumani: kabla ya vita ya 1914 walikuwa na vituo Mwanza na kwenu Bukoba, na sababu unaiona ukisimama Bunena. Ziwa. Waya ungelizunguka, msitu kwa msitu. Cheche ilikata katikati. Dar es Salaam nayo ilipata mnara wake, ukafa mapema: tarehe 8 Agosti 1914, vita ikiwa na siku chache, manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja kuupiga mizinga. Kitu cha kwanza walichokitafuta mjini ni ule mnara.

Wakubwa zangu wengine watakumbuka jina la Cable and Wireless. Jina hilo ni cheti cha ndoa. Oktoba 1926 Marconi alifungua masafa mafupi kati ya Uingereza na Kanada, mawimbi yanayoelekezwa kama tochi, yanayotaka umeme kidogo sana ukilinganisha na Clifden. Hapo ndipo upepo ulipomshinda kebo kweli kweli, kwa bei na kwa haraka, mpaka kampuni za kebo zikaanza kuzama. Serikali ya Uingereza haikutaka zife, maana kebo haisikilizwi na adui, ikawalazimisha waungane 1929. Mwaka 1934 wakachukua jina hilo.

Clifden haikuwahi kuyaona hayo. Ilivamiwa na kuchomwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ayalandi, 1922, na haikufufuliwa.

*Shikamoo mzee. Kila mara unasema "kurudia, kurudia". Neno likikosewa, nani alilipa? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba. Mteja.

Kuna kesi maarufu ya Marekani, ya telegramu ya waya, kabla hata ya Marconi. Mfanyabiashara wa sufi wa Philadelphia, Primrose, mwaka 1887 alimtumia wakala wake huko Kansas ujumbe wa fumbo. Ndani yake mlikuwa na neno "bay", ambalo katika kitabu chao lilimaanisha "nimenunua". Lilifika "buy", nunua. Wakala akanunua sufi, akanunua, akanunua. Hasara ilizidi dola 20,000. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1894 ikaamuliwa kwamba anastahili kurudishiwa bei ya telegramu yake: dola 1 na senti 15. Kwa nini? Nyuma ya fomu iliandikwa kwamba anayetaka uhakika alipe nusu ya bei zaidi, ujumbe urudishwe kwenye ofisi ulikotoka ukalinganishwe. Hakulipa.

Katika Morse, yaani alfabeti ya nukta na vistari, A ni nukta na kistari. U ni nukta, nukta, kistari. Kati ya "bay" na "buy" kuna nukta moja. Sasa fikiri mwenyewe: kwenye waya nukta ya bandia ni ajali. Kwenye upepo, radi ikipiga popote maili mia mbili, hedifoni inasema "tk", na hiyo "tk" ni nukta kamili. Ndiyo maana wapiga simu wa Clifden na Glace Bay walirudia maneno, na kila marudio ni tope jingine linaloungua huku mteja akilipa mara moja. Senti 10 zao zilikuwa zikiyeyukia hapo.

Nayasema haya kwa ujasiri kwa sababu mimi mwenyewe nimeuza ng'ombe wa watu kwa nukta moja.

Ilikuwa 1976, katika ofisi moja ya kisiwani huko kanda ya ziwa, nisiyoitaja. Tulikuwa bado tunapokea Morse kwa redio. Saa tisa alasiri ya Machi, mawingu yamesimama juu ya maji kama ukuta, na ndani ya hedifoni mvua ilishaanza kunyesha kabla ya nje. Foleni dirishani. Kijana aliyeko mjini alimtumia baba yake mdogo, mwalimu, kwa kuwa ndiye mwenye sanduku la posta katika ukoo. Maneno aliyoandika: BABA AUZE NGOMBE WAWILI KARO. Yaani, mwambie baba auze. Mimi nikaandika: BABA UUZE NGOMBE WAWILI KARO. Nilisikia ile "tk". Nasema kweli, niliisikia, na nikajiambia sentensi inaeleweka, ya nini kuomba irudiwe.

Telegramu haina mkato. Kwa mila zetu baba mdogo ni baba. Mwalimu alisoma "Baba, uuze", akahesabu kwamba kijana wa kaka yake kamlilia yeye, akaingia zizini kwake mwenyewe, akauza majike mawili, mmoja ana mimba.

Wiki tatu baadaye alikuja dirishani na karatasi yangu imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Hakupaza sauti. Aliweka kidole juu ya ile U akaniuliza, "Hii ni ya kwake au ya kwako?" Nikamwambia ni ya radi. Msimamizi wangu akamwonyesha maandishi madogo nyuma ya fomu, ambayo ukiyatafsiri ni yale yale ya Primrose. Akarudishiwa bei ya telegramu. Aliziacha shilingi zile kauntani, na kwa siku mbili hakuna aliyezigusa.

Baadaye kaka yake alimlipa jike mmoja. Wa pili walizungumziana mpaka nilipohamishwa. Lakini mwaka uliofuata nilipokea telegramu yake nyingine, ya mtoto kuzaliwa, maneno manne, anga safi. Nilimpelekea mwenyewe shuleni kwa baiskeli. Aliisoma, akatia sahihi kwenye kitabu changu, na kalamu ikiwa bado mkononi akaniuliza kama nimeirudia. Nilikuwa nimeirudia mara tatu.